Bromelia Iliyokubali Maji ya Chumvi

Siku yangu ya kwanza kazini, katikati ya miaka ya tisini, Meneja wa Kitalu pale Kitengela alinikabidhi bromelia nyekundu, mmea wa ukoo wa nanasi unaoweka maji katikati ya majani yake kama kikombe. "Mama Nekesa, hii ni maji ya mvua pekee," aliniambia. "Ukiipatia ya borehole, yale ya kisima kirefu, chumvi itaichoma." Mimi niliyelelewa magharibi, kwenye mvua ya kila jioni, nilishangaa ni nani aliyeuleta mmea wa namna hiyo Kitengela, kwenye ukame.

Baadaye nilihamishiwa tawi la Kajiado, chini ya Msimamizi wa Mauzo. Huko maji ni ya borehole, na wateja walikuwa wakiturudishia vyungu vyenye majani makavu. "Hawa wapande tu makonge," alisema. Maneno hayo yalinikera kweli. Watu wa Kajiado nao walistahili ua zuri langoni, na niliazimia kuwatengenezea bromelia ya kunywa maji yao.

Kazi hiyo niliifanyia nyumbani kwangu Kitengela. Bromelia huchanua mara moja tu, kisha mmea mama hufa, kwa hiyo huna nafasi ya kubahatisha. Asubuhi na mapema, kabla chavua haijamwagika, nilizitoa stameni, vile vijiti vya chavua, za ile nyekundu kwa kibano cha nyusi, isije ikajichavusha yenyewe. Nilichukua chavua ya bromelia ya kijivu, ngumu kufa lakini haina sura, nikaipaka kwa brashi kwenye stigma, ile ncha ya ua inayonata. Halafu nikafunika kwa kipande cha neti ya mbu ili chozi, ndege wapenda asali, wasiniletee chavua ya kwao.

Jirani yangu, Mama Nashipae, alinisalimia kwa Kimaasai huku akicheka. "Takwenya, Mama Nekesa! Siku hizi maua pia inashikwa na malaria?"

"Hii ni harusi," nikamwambia. "Usiniharibie."

Mmea mama ulikufa, lakini mbegu ziliota, nikailea miche kwa maji ya mvua kwanza, ipate nguvu. Kisha nikasafiri kwetu kumzika mama yangu, nikamwachia jirani ufunguo. Pipa la maji ya mvua lilipokauka, yeye kwa roho safi akainywesha miche maji ya borehole. Niliporudi, karibu yote ilikuwa imeungua. Nililia, nikamnunia.

"Sasa ningeiacha ikufe na kiu?" aliniuliza.

Hasira zilipopoa ndipo nikaitazama vizuri. Michache ilikuwa kijani kabisa! Hiyo nikaendelea kuinywesha borehole tu, na baada ya miaka kadhaa mmoja ukachanua kwa rangi ya waridi iliyokolea. Meneja aliupenda, na machipukizi yake tukaanza kuyauza Kajiado.

Sasa nimestaafu. Juzi nilipita huko nikaiona bromelia yangu kwenye lango la boma moja, imesongamana vizuri, nikasimama kuisifu.

"Hiyo?" mwenye boma akasema. "Hiyo ni maua ya huku tu. Imekuwa hapa tangu zamani."

Nilifurahi. Akaning'olea chipukizi, akaanza kunieleza namna ya kulipanda, nami nikamsikiliza mpaka mwisho.