Kabeji Ambazo Hazikufunga

Msimu ule tulipunguza mbolea ya kukuzia kwa nusu. Bei ilikuwa imepanda kuliko uwezo wetu, na samadi ya ng'ombe mmoja haikutosha shamba letu la Dundori. Mimi na mke wangu tulikubaliana kwamba afadhali kila mche upate kidogo kuliko mingine ikose kabisa. Kipimo chetu kilikuwa kifuniko cha soda. Tulikijaza nusu.

Wiki za kwanza sikuona tofauti. Kisha majani ya chini yakageuka manjano, huku ya katikati yakibaki kijani. Nilikuwa nimesoma kuhusu jambo hilo: mmea ukikosa nitrojeni huitoa kwenye majani makuukuu na kuyapa machanga. Kulijua hakukunisaidia. Hatukuwa na mbolea ya kuongeza.

Kabeji hazikufunga kuwa vichwa vigumu. Majani yalijikunja, yakaachia. Mama aliyekuwa akizinunua kila msimu na kuzipeleka soko la Nakuru alifika na lori. Mnunuzi mwingine hatukuwa naye. Alibonyeza ya kwanza kwa kidole gumba, akabonyeza ya pili, akaruka mstari mzima, akabonyeza nyingine.

"Mzee, hii ni kabeji ama ni sukuma wiki imevaa koti?"

Mke wangu alicheka kidogo. "Tulipunguza mbolea, mama. Wewe unajua vile imekuwa."

"Najua. Lakini mteja hanunui sababu."

"Si tunasikia bei ya kabeji imepanda?" nikauliza.

"Imepanda ya zile zimefunga. Wengi walipunguza kama nyinyi, ndiyo maana ziko chache."

Lori liliondoka tupu. Alisema atajaribu mashamba makubwa ya Mau Narok, ambako mbolea haikupunguzwa. Nilielewa kwamba hatarudi. Akipata mzigo mzuri mahali pamoja hana haja ya kuzunguka.

Tulianza kumlisha ng'ombe zile kabeji. Maziwa yakashika harufu ya kabeji, na majirani wakaacha kuyanunua.

Wiki iliyofuata yule mama alipiga simu, akamtaka mke wangu. Alikuwa anatafuta watu wa kukata kabeji kule Mau Narok, watu wenye mkono wa kazi hiyo. Mke wangu alimuuliza kama kuna mahali pa kulala, akaitikia mara mbili tatu, kisha akanigeukia na kuuliza kama nitaweza kukama peke yangu asubuhi na jioni.

Nikamwambia nitaweza.