Nilivyotafuta lenzi ya f/2.8 ya bei nafuu nikiwa Mpanda, nikidhani namba ndogo ni kufeli

Ka............cha.

Huo ni mlio wa kamera yangu ndani ya chumba cha bibi yake Kabula, kule Usevya. Naukumbuka mpaka leo. Kamera za watu zinasema kacha, mara moja, kazi imeisha. Yangu ilisema "ka", ikapumzika, ikawaza maisha, ndio ikasema "cha".

Wakuu, shikamooni mnaostahili, na wa rika langu mambo vipi. Ninayosimulia yamenitokea mwenyewe, na nikiongeza chumvi hata punje lenzi yangu iote kuvu. Wapiga picha humu mnajua hicho ni kiapo kizito.

Kabula ni rafiki yangu toka shule. Kwao ni Wasukuma, walihamia huku na ng'ombe kabla hajazaliwa. Alikuwa anaolewa, na mume anamchukua kwenda kuishi Mtwara. Mpiga picha wa ukumbini alishampata, tena wa maana, mwenye mataa na miavuli.

Shida ilikuwa bibi. Bibi hawezi tena safari ya kuja ukumbini Mpanda. Jicho moja limetoka kufanyiwa upasuaji, la pili bado lina mtoto wa jicho, na mwanga mkali unamchoma kama pilipili. Dirisha la chumba chake limezibwa kanga. Flash marufuku.

Kabula akaniambia, "Shoga, ya bibi nakuachia wewe. Asubuhi ya harusi, mimi na gauni langu, yeye kitandani kwake. Moja tu. Mtwara ni mbali, sijui kama nitamkuta tena."

Nikamjibu hakuna shida.

Mimi huyo! Mwenye lenzi ile ile iliyokuja na kamera kwenye boksi, 18-55. Mtu mwingine angeomba muda wa kufikiri.

Nikaenda kufanya majaribio mapema. Ndio hiyo ka............cha. Bibi akaomba kuona. Akaisogeza kamera mpaka karibu na jicho lake lililotibiwa, akaangalia weee.

"Huyu ni mimi au ni moshi wa jikoni?"

"Ni wewe bibi."

"Mbona nina pua tatu? Hata moja inanitosha."

Kabula alicheka, lakini nilimwona alivyoniangalia. Nilirudi Mpanda nimenyong'onyea.

Nikaingia mtandaoni. Kila nikiuliza habari ya chumba chenye giza bila flash, jibu ni moja: tafuta "fast standard zoom". Sasa wakuu, Kiingereza changu ni cha kuombea maji. Fast nikajua ni mbio. Standard nikajua ni darasa, kama standard seven. Yaani lenzi inayokimbia, ya wanafunzi wa shule ya msingi. Nikasema hii ndio saizi yangu.

Nikapata kaka mmoja Dar anauza lenzi used. Akanitumia picha ya 17-50, imeandikwa 2.8. Nikaiangalia nikaona jamaa anataka kuniibia. Nikamwandikia:

"Kaka, lenzi yangu imeandikwa 5.6 tayari. Wewe unaniuzia 2.8? Mimi nataka ya juu, sio ya kurudi nyuma."

Akatuma voice note. Mwanzo wote ni kicheko mpaka akakohoa. Halafu akauliza, "Dada, form four ulimaliza?"

Nikaona huyu sasa anatongoza. Nikajibu kwa ukali kwamba nilimaliza.

"Ulipata division ngapi?"

Nikataka kumblock. Lakini roho yangu laini, nikajibu ukweli. Four.

"Sasa wewe wa four na mwenye one, nani amefaulu?"

"Mwenye one."

"Basi na lenzi ni hivyo hivyo. Namba ndogo ndio imefaulu."

Wakuu, mimi niliyelia kwa sababu ya namba kubwa kwenye matokeo, ndio nilikuwa natafuta namba kubwa kwenye lenzi! Nililala chali kitandani nikacheka peke yangu.

Alinifundisha kwa upole baada ya hapo. Kumbe fast sio mbio za kumkimbiza mtu. Ni tundu la lenzi kufunguka sana, mwanga ukaingia mwingi kwa mara moja, kamera ikawa haina haja ya kusubiri. Fikiria mlango wa zizi. Ukiwa mpana ng'ombe wanaingia wote fasta. Ukiwa mwembamba mnashinda hapo mnapigana fimbo. Yangu ya 5.6 ilikuwa mlango wa kuku.

Na standard ni zile zoom za matumizi ya kila siku, kuanzia picha pana hadi kuvuta kidogo. Shule ya msingi haimo.

Nikabaki na njia tatu. Ya kwanza, f/2.8 mpya ya kampuni iliyotengeneza kamera yangu. Ile bei nilijua wamekosea, wameandika namba ya simu.

Ya pili, 24-70 f/2.8 ya zamani. Hii nilishaipenda, maana ni nene, ukiibeba watu wanakupisha. Yule kaka akaniambia kabla hujalipa, weka hiyo 18-55 yako kwenye 24, maana ndipo hii inapoanzia, jaribu kupiga watu ndani ya nyumba. Kamera yangu ni ya sensa ndogo, kile kidude cha ndani kinachopokea mwanga, kwa hiyo inakata picha pembeni. Nikajaribu sebuleni. Nikarudi nyuma, nikarudi nyuma, mpaka makalio yakagonga kabati la vyombo.

Mama akasema, "Ukinivunjia hotpot yangu, picha inayofuata utapigwa wewe, ukiwa polisi."

24-70 ikafia hapo. Vyumba vyetu havina pa kurudi nyuma.

Ya tatu ni ile 17-50 ya kampuni nyingine, used, isiyo na kituliza mtikisiko. Yenye kituliza ipo ila bei inapanda. Jamaa akawa mkweli, akasema auto focus yake, ile ya kujilenga yenyewe, ina kelele. Hakusema kelele gani. Baadaye niligundua ni ya mashine ya kusaga ikiwa imekosa mahindi.

Nikaichukua. Hela ilitoka kwenye asali. Baba anafuga nyuki Ugalla, akaniachia madumu niuze mjini. Aliuliza lenzi ni kitu gani, nikamwambia ni jicho la kamera.

"Kumbe na kamera inafanyiwa upasuaji," akasema, basi, akaendelea na ugali wake.

Siku ya harusi nikaamkia Usevya. Bibi kavishwa kitenge kipya, kaegemezwa mito. Kabula kaingia na gauni, chumba kizima kikawa gauni. Nje kina mama wanapiga vigelegele, dereva anapiga honi. Safari ya Mpanda ndefu na padri hasubiri mtu.

Nikaweka kiwiko juu ya gunia la mpunga ili mkono usitikisike. Nikaweka 2.8. Grrr, kacha.

Mwanga upo! Bibi yupo, pua moja! Nikataka kuruka.

Nikavuta picha karibu kwenye kioo cha kamera. Bibi safi kabisa, mpaka mikunjo ya shavu unaihesabu. Kabula aliyekaa nyuma yake, ukungu. Yaani bibi kapiga picha na wingu jeupe.

Nikahamishia focus kwa Kabula. Kabula safi, bibi kawa wingu.

Hili kule mtandaoni hawakuniambia kwa nguvu, au waliniambia nikaruka: ukifungua tundu sana, sehemu inayoonekana vizuri inakuwa nyembamba. Nikilibana tundu nirudi 5.6, giza lile lile, moshi ule ule. Honi nayo ikalia tena. Mama yake Kabula akachungulia, "Mwanangu, bado?"

Dawa niliyoiona ni moja. Nyuso mbili ziwe umbali sawa na mimi.

"Bibi, samahani. Leteni vichwa vilingane. Shavu kwa shavu, wote mniangalie."

Bibi akageuka. "Unataka tupigane vichwa kama mbuzi?"

"Bibi, fanya tu," Kabula akambembeleza.

"Na wewe mke mwenzangu, unaniibia mume unampeleka Mtwara, halafu unataka na shavu langu?"

Kabula akacheka na machozi yakamtoka hapo hapo, akamshika bibi shingoni, shavu likagusa shavu. Bibi naye akacheka mdomo wazi, na pengo lake la mbele. Nikabana pumzi.

Grrr, kacha.

Sikuangalia hata. Nikapiga na nyingine mbili, honi ikalia, gauni likaondoka, chumba kikabaki giza kama kawaida. Ndipo nikafungua kioo. Zile mbili za mwisho mbovu, Kabula kashageuka kwenda. Ile ya kicheko, nyuso zote mbili ziko safi.

Wakuu, somo langu ni hili. Usinunue lenzi ili watu wakupishe barabarani, nunua inayolingana na chumba unachopigia. Namba ndogo ndio imefaulu, lakini nayo ina masharti yake, jifunze nayo nyumbani kabla hujaharibu siku ya mtu. Na mwenye used isiyo na kituliza asione haya, magunia ya mpunga yapo.

Nyie wazoefu nisaidieni mawili. Hiyo kelele ya auto focus ni ugonjwa au ndio sauti yake? Na picha za ukoo mzima, mistari mitatu ya watu, ndani ya giza, mnafanyaje? Wenye kunicheka kuhusu division karibuni pia, nimeshazoea.

Picha yenyewe siiweki humu, ni ya kwao. Kabula anayo kwenye simu. Ya bibi nimeisafisha studio, kubwa, maana ndogo hataiona.

Juzi kabla sijaifunga kwenye gazeti kuituma Usevya, niliiegemeza ukutani chumbani kwangu. Nikaziba jicho moja kwa kiganja, lingine nikalifinya likabaki kama uzi, nijifanye bibi, nikaanza kurudi nyuma taratibu, kuangalia ni wapi nitaacha kulitambua shavu la Kabula. Mgongo uligusa mlango bado naliona.