Maji Mafu

Jumamosi ya mtihani nilifika kwenye mikoko ya Watamu mapema, moyo ukinidunda kwa furaha. Vijana wa kanisa letu, wa madrasa na wa kikundi cha kulinda kasa tulikuwa tumefunzwa pamoja kuongoza wageni, na atakayefaulu angeanza kazi siku hiyohiyo. Niliitaka kazi ile kupita kiasi.

Mwalimu wetu, mama wa kikundi cha kasa, akaniambia, "Leo maji mafu. Haya, waeleze wageni."

Mimi, mtoto wa wazazi waliotoka bara, sikuwahi kulisikia neno hilo. Nikapaza sauti: "Tafadhali msiguse maji! Leo yana sumu!"

Mgeni mmoja akaruka nyuma, viatu mkononi.

Msichana mmoja wa madrasa akashika mbavu kwa kicheko. "Wee mbara wee! Nani kayaua? Maji mafu ni siku bahari haijai sana wala haitoki sana. Yamelala tu, dadangu!"

Yamelala! Mwili ulinisisimka. Nikachovya mkono, nikawaomba wageni wanong'one wasije wakayaamsha. Nikawaonyesha kwenye mizizi ya mikoko alama ya maji ya wiki iliyopita, juu kabisa, na ya leo, chini sana. Yule mgeni akacheka, akaingia majini hadi vifundoni.

"Umefaulu," mwalimu akasema. "Lakini utatembea na huyu mwenzako, usije ukatuulia bahari nzima."

Tukaondoka tumeshikana mikono, nami nikimsihi aniambie maneno mengine ya maji, yote anayoyajua.