Mkono Ulioniumbua

Mimi ni msimamizi wa mafundi cherehani kiwandani huku Changamwe, tena msimamizi bure kabisa. Fundi wangu Mwanaisha alipolalamika kuwa mkono unamuuma kwa kushona mshono mmoja kutwa, nilimcheka: "Sema umechoka na kazi!"

Mwezi haukuisha, mimi, ambaye kazi yangu kutwa ni kugonga mihuri kwenye karatasi za mzigo, nikaanza kufa ganzi vidole. Akili yangu fupi ikaamua kwamba Mwanaisha kaniroga. Nikamfokea mbele ya mafundi wote: "Nifungulie mkono wangu!"

"Vidole gani, bosi?"

"Gumba, cha shahada na cha kati!"

Akainua mkono wake uliofungwa bendeji. "Vyangu ni hivyo hivyo. Wallahi sikukuroga. Daktari asema ni kazi ya kurudiarudia. Barua yake nilikupa. Ndiyo hiyo unayowekea kikombe cha chai."