Maji ya Wageni

Dampo la zamani nje kidogo ya Omurushaka lilipofungwa na kufukiwa udongo, nilipewa kazi ya kupima maji yaliyo chini yake. Yalichimbwa mashimo membamba, yakatiwa mabomba yenye vifuniko, nami kila baada ya miezi michache nilichota maji humo na kuyapeleka maabara. Yalikuwa meusi, yananuka yai viza.

Ghafla yakaanza kutoka meupe. Bosi wangu alifurahi. Mimi nilikasirika, maana uchafu haufungashi virago ukahama wenyewe.

Ufunguo wa geti alikuwa nao bibi mmoja ambaye migomba yake imepakana na dampo. Kila nikitaka kwenda, nilimpigia simu siku moja kabla.

"Shikamoo, bibi. Nani anagusa mabomba yangu?"

"Marahaba. Mimi."

Hata aibu hakuona. Kila akipata simu yangu, alienda kuchota maji ya chemchemi na kuyamimina humo mpaka yajae.

"Mgeni utoke kote huko Bukoba uje kuchota uchafu kwetu? Mtatuonaje?"

Nilifoka. Nikamweleza mpaka koo likanikauka kwamba huo uchafu ndio ninaoutaka, ndio ninaolipwa kuufuata. Alinisikiliza huku akimenya ndizi, kisha akaniangalia kwa huruma.

"Pole, mjukuu wangu. Si ungesema tangu mwanzo? Zizi la ng'ombe liko hapo nyuma. Safari ijayo utakuta nimeshakuwekea."