Jiko Lililokataa Kuwaka Asubuhi

Fundi aliponiambia tusichimbe shimo la jiko, nilijua moja kwa moja kwamba anakwepa kazi. Kuchimba lava ya Goma si mchezo. Unapiga nyundo mpaka mkono unakufa ganzi, na jiwe limemeguka kipande cha ukubwa wa kiganja tu.

"Mama, jiko tuiweke juu," alisema. "Huku kwetu Mugunga, chini kunaweza kuwa na mazuku."

Mazuku nilikuwa nimeyasikia, nani hapa hajayasikia? Ni hewa mbaya inayotoka chini ya lava, haina rangi wala harufu, inatuama kwenye mabonde mpaka upepo uje uiondoe. Lakini niliyahesabu kuwa mambo ya porini, ya mbuzi waliopotea wakakutwa wamekufa. Na fundi mvivu akikosa kisingizio, hilo ndilo neno analolikimbilia.

"Chimba," nilimwambia. "Ama mukono ndiyo inaogopa?"

Alichimba. Shimo lilifika magotini, lenye nafasi ya jiko na kigoda cha mama yangu. Jiko lilikuwa lake. Nilikuwa nimemtoa Butembo aje azeekee kwangu, na babula, lile jiko la bati la makaa, lilimchosha. Alitaka kuni, alitaka kuketi karibu na moto, chini, upepo usimguse, kama alivyozoea kule kwetu kwenye udongo mwekundu.

Matofali yalikuwa yale mazito, meupe-meupe, yasiyopasuka kwa moto, kutoka tanuri la mikate lililobomolewa. Nilichora alama kwa msumari nyuma ya kila moja, fundi asije akanibadilishia. Nilikaa juu ya kichwa chake siku nzima. Alipochanganya udongo na mchanga badala ya saruji nilimuuliza saruji yangu anaipeleka wapi, akanieleza kwa upole kwamba saruji haivumilii moto. Upole wenyewe ukanitia shaka.

Jioni jiko liliwaka vizuri sana. Asubuhi likakataa. Mama alichochea, akapuliza, kuni zikatoa moshi kidogo zikafa. Jua lilipopanda na upepo ulipoanza, moto ulishika kana kwamba haukuwa na tatizo lolote. Ikawa hivyo karibu kila asubuhi iliyotulia.

Nikatoa matofali mawili kutafuta alama zangu. Zilikuwepo. Basi nikamgeukia muuza kuni, nikamwambia mbele za watu kwamba kuni zake anazozileta kutoka Kibati anazimwagia maji ziwe nzito. Kisha kuku wangu akafa, kando ya jiko, bila jeraha. Jirani yetu, mama mmoja aliyekuwa akipita kila siku kuongea Kinande, lugha ya kwetu Butembo, na mama yangu, ndiye aliyeonekana uani asubuhi ile. Nilimwambia asikanyage tena kwangu. Mama alitazama chini.

Baada ya hapo mama alianza kusinzia mchana na kuacha chakula. Nikaona, haya, sasa ameichoka nyumba yangu, anatafuta njia ya kurudi Butembo.

Mwishowe nilimwita fundi aje ajibu. Alikuja asubuhi, hakuna hata jani lililotikisika, mama ameshaketi kwenye kigoda chake shimoni, ameinamia kuni. Fundi hakunisalimu. Aliruka, akamshika mama kwapani, akamwinua.

"We! Unamufanya nini muzee wangu?" nilipiga kelele, nikamshika shati.

Alimkalisha mama mlangoni kwanza. Kisha akaomba mshumaa, akaufunga kwenye kamba, akauwasha na kuushusha shimoni taratibu. Ulipofika usawa wa ukingo wa shimo, pale uso wa mama ulipokuwa umeinama, ulizimika. Akauwasha tena. Ukazimika palepale, kwenye mstari uleule, na mimi nilikuwa nimesimama kando nikivuta pumzi bila shida yoyote.

"Ni mazuku. Muzee anaikalaka apa kila asubui?" aliuliza.

Nilimkumbuka kuku. Niliona aibu na hofu kwa pamoja, sijui ipi ilitangulia. Nilikwenda nikapiga magoti mbele ya mama. Midomo yake ilikuwa imepauka, lakini macho yalikuwa yananiona.

"Mama, ulikuwa unasikia vibaya?"

"Kila asubui. Kichwa inaniuma, naona giza."

"Na ulinyamaza?"

Alinishika mkono, kama mtu anayembembeleza mgonjwa.

"Kuku tu ilikufa, ukamufukuza rafiki yangu," alisema. "Ningesema na mimi niko nakufa, ungemufukuza nani?"