Nilidhani mwanafunzi mwoga hawezi kompyuta, Espérance akanionyesha

Wakuu, hamjambo huko mliko? Mimi ni mwalimu wa informatique, yaani kompyuta, hapa Mubi, Walikale. Haya yalinipata mimi mwenyewe, na mke wangu bado ananicheka, kwa hiyo sina sababu ya kudanganya.

Nilikuwa na imani yangu: mwanafunzi mchangamfu, asiye na haya, ndiye wa kompyuta. Anabonyeza, anakosea, anacheka, anajua. Mwoga? Huyo mpe chaki.

Darasani nilikuwa na Héritier, mdomo hauna breki, vidole vyepesi ajabu.

Na Espérance, binti wa wafugaji waliohamia huku kutoka Masisi. Huyo hata "ndiyo" yake unaisikia kwa shida.

Sasa ikafika siku ya kupeleka orodha ya wanafunzi wa Exetat, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari. Jina lisipofika ofisini Walikale mjini, mtoto hafanyi mtihani, mwaka mzima umekwenda.

Majina sitini na mawili. Pikipiki ya kubeba flash inaondoka saa tisa. Mashine zetu betri zimekufa, zinategemea jenereta tu.

Kazi nikampa nani? Héritier, bila shaka! Espérance akaniomba kwa sauti ya chini aandike naye orodha hiyohiyo kwenye mashine ya pili. Nikakubali kwa huruma tu.

Saa nane Héritier yuko jina la hamsini na nane, anaimba. Mara jenereta kimya. Mafuta yameisha (na wa kuangalia mafuta nilikuwa mimi, msinitukane).

"Ulienregistrer? Ulihifadhi kazi?" nikamuuliza Héritier.

"Mwalimu, nilikuwa nangojea nimalize kwanza."

Wakuu, majina hamsini na nane yamekwenda, na imebaki saa moja tu.

Espérance akanyoosha mkono. "Mwalimu, miye niko na majina makumi ine. Kila jina nilikuwa naenregistrer."

"Kila jina? Juu ya nini?"

"Kwetu tukikamua, kopo ikijaa tunamwanga maziwa mu bidon kubwa palepale. Ngombe akipiga teke, inapotea kidogo tu."

Nilikimbia barabarani, nikarudi na lita moja ya mafuta. Mashine ikawaka. Majina arobaini yapo yote!

Héritier akakaa kwenye mashine ya Espérance kumalizia, maana ni mwepesi. Espérance pembeni yake, kila jina: "Kaka, mwanga mu bidon." Naye anabonyeza, mpole kama si yeye.

Jina la mwisho lilikuwa la Espérance mwenyewe, kwa kuwa ndiye aliyejiandikisha mwisho. Hapo Héritier hakungoja kuambiwa. Aliandika, akaenregistrer mara tatu.

Pikipiki ikaondoka na wote sitini na wawili. Nilifurahi, nikaona haya pia.

Tabia ya mtoto inaingia kweli kwenye kompyuta yake, lakini mimi nilikuwa nasikiliza mdomo bila kuangalia mikono. Kwenye daftari langu nilikuwa nimempa Espérance nne kwa kumi ya participation, kisa haongei. Kesho yake nilimwomba msamaha mbele ya darasa.

Walimu mliomo humu, fungueni madaftari yenu. Nani mmempa nne kwa sababu ananyamaza? Semeni hapa, nisichekwe peke yangu.